Canter 4D33 inagonga ikiwa sailensi (imewashwa, mguu hauko kwenye mafuta), nikikanyaga mafuta mlio unapotea. Naambiwa nishushe injini

MzigoMakambako

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie, maana huku nimeshaambiwa nishushe injini na moyo haujakubali.

Gari ni Canter ya zamani, injini 4D33, ile ya lita 4.2, umeme volti 24. Nabeba viazi na kabichi kutoka vijiji vya Njombe, nashusha Iringa mjini, na bei ya Dar ikipanda nateremka mlima Kitonga na mzigo hadi Mabibo. Mwenye gari ni mimi, dereva ni mimi, hakuna mtu mwingine anayeshika usukani wake. Kwa hiyo mngurumo wake naujua, na huu si wake.

Mlio uko hivi. Asubuhi nikiwasha, injini inanguruma kawaida ya dizeli, hakuna kitu. Nikitembea hadi ishike moto halafu nikasimama, tuseme kwenye foleni ya mizani, ndipo unaanza: ko-ko-ko-ko, mkavu, wa haraka haraka, kama mtu anayegonga bomba kwa kokoto. Unatokea mbele ya injini, na ukiinua kabini unausikia zaidi. Nikikanyaga mafuta kidogo unapungua, nikizidisha unapotea kabisa, unabaki mluzi mwembamba. Nikiachia, unarudi palepale. Mlimani gari linavuta kama zamani, halitoi moshi wa ajabu, halili oili, na taa ya oili inazimika mara tu injini ikiwaka. Nikikanyaga klachi au nikiiachia, mlio haubadiliki.

Tulichofanya mpaka sasa: oili mpya, filta mpya. Tapeti (nafasi za vali) zimepimwa injini ikiwa baridi, zote milimita 0.40. Nozeli za kupuliza dizeli zimekwenda kupimwa kwenye mashine, zimerudi, zinapuliza vizuri. Mlio bado upo.

Fundi wangu akaweka sikio akasema metali za konrodi (beringi laini kati ya mkono wa pistoni na krenki) zimekwisha. Anataka injini ishuke, krenki iende kusagwa, na kwa kuwa itakuwa imeshafunguliwa tuweke pistoni na ringi mpya pia. Hesabu ya spea peke yake imefika milioni tatu na nusu, ufundi bado. Hiyo ndiyo hela ya mbolea na mbegu ya viazi, na ada za watoto wawili zimo humohumo. Kama injini imekufa nitauza ng'ombe niitengeneze, sina ubishi. Lakini konrodi iliyokwisha inawezaje kunyamaza mlimani na tani tatu na nusu mgongoni, halafu ianze kupiga kelele gari likiwa limesimama? Hapo ndipo sielewi.

Jingine, sijui kama linahusika: pedali ya breki siku hizi ni ngumu, hasa nikikanyaga mara mbili tatu mfululizo. Fundi breki anasema ni busta, ile inayosaidia mguu kukanyaga, umri umekwenda. Na eksozi breki, ile inayoziba moshi ili injini izuie gari, imelegea, haishiki kama zamani.

DizeliTu

Mkuu, usicheze na konrodi. Metali zikiisha, siku moja rodi inakatika inatoboa bloku, na hapo hutasaga krenki tena, utatafuta injini nzima. Nimeona bloku za namna hiyo zinauzwa kwa kilo.

Ila kabla ya kushusha chochote, toa swichi ya presha ya oili ufunge geji ya mkono, pima injini ikiwa ya moto na ikiwa sailensi. Taa kuzimika si kipimo, ile taa inaridhika na presha ndogo sana. Kama geji inaanguka sana kila injini inavyozidi kupata moto, fundi wako yuko sahihi. Na ukimwaga oili ichuje kwa kitambaa cheupe. Ukiona vumbi linalong'aa lisiloshikwa na sumaku, hayo ni metali.

DadaSpea_Kariakoo

Kaka Mzigo, pole na hekaheka. Mimi nauza spea za Canter na Fuso, metali ninazo dukani, za krenki iliyosagwa milimita 0.25 na 0.50, ukizitaka nitakuuzia. Lakini nijibu kwanza: mlio ulianza baada ya kazi gani? Mteja akiniambia gari limeanza ghafla kugonga, namuuliza nani alikuwa amefungua kitu humo siku za karibuni, na alifungua nini. Hata kama ni kitu unachoona hakihusiani na injini, kama radieta, mikanda au waya.

MzigoMakambako

DizeliTu asante, geji nitaazima leo.

Dada, umenikumbusha. Kabla ya mlio alikuja fundi umeme akabadilisha alteneta, ya zamani ilikuwa haichaji. Tulifunga ya mtumba. Inachaji vizuri, voltimita inasoma 28, kwa hiyo upande huo sikuufikiria. Na breki, nikikaa kukumbuka, imeanza kuwa ngumu baada ya hapo.

BabuInjini_Tanga

Mwanangu Mzigo, nimesoma maelezo yako yote nikarudia tena, kwa sababu umeeleza vizuri kuliko madereva wengi. Dizeli nimeifanya tangu enzi za Bedford na Leyland. Usishushe injini. Na mzigo wa kupita Kitonga usiupakie mpaka tumalize mazungumzo haya. Nitakwambia kwa nini.

Tuanze na konrodi, maana ndiyo inayokutisha. Metali ya konrodi inagonga pale pistoni inaposukumwa kwa nguvu. Ukipanda mlima na mzigo, nguvu ndiyo kubwa, na mlio lazima ukue. Ukikanyaga mafuta ghafla ukiachia, unausikia wazi pale mafuta yanapokatika. Wako unakwenda kinyume na hayo yote. Vali nayo inafuata kamshafti, na kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki: injini ikiwa kwenye mizunguko 700 kwa dakika, kila vali inapiga mara sita hivi kwa sekunde. Huo ni mlio wa taratibu, mtu anaweza karibu kuuhesabu. Wewe umesema wa haraka haraka. Nikisikia mlio wa haraka kuliko injini yenyewe naanza kutafuta kitu chenye puli ndogo, kwa sababu puli ndogo inazunguka zaidi ya krenki.

Lakini usiniamini mimi niliye Tanga, iamini injini yako. Ipashe moto mpaka igonge. Kisha legeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza, nusu mzunguko tu, ili silinda hiyo isipate mafuta. Injini itatetemeka, ni kawaida. Sikiliza: mlio umebadilika? Kaza, nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kama ni konrodi, pistoni au nozeli, kuna silinda moja utakayoikata na mlio utapungua au kuhama. Kama umezikata zote moja moja na mlio hauna habari, basi hautoki ndani ya silinda. Zungushia nati kitambaa kizito na uvae miwani. Mkono usiuweke mbele ya dizeli inayoruka, mafuta ya presha ile yanapenya ngozi kama sindano na kidonda chake ni cha hospitali, si cha kufunga kitambaa.

Baada ya hapo zima, toa mikanda ya alteneta, washa tena. Kumbuka mikanda hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya maji, kwa hiyo usizidishe dakika moja au mbili, na gari lisitembee hata hatua moja. Mlio ukinyamaza, umeshampata.

Sasa nikwambie ninachokishuku. Wewe umeandika matatizo matatu, mimi naona moja. Nyuma ya alteneta ya Canter yako kuna pampu ya vakyumu, imefungwa pamoja nayo na inazungushwa na shafti hiyohiyo. Hiyo pampu ndiyo inayovuta hewa kutoka kwenye busta ili mguu wako usaidiwe. Na eksozi breki yako inafungwa kwa vakyumu hiyohiyo. Kwa hiyo pedali ngumu, eksozi breki legevu na mlio wa mbele ni watoto wa mama mmoja.

Ndani ya pampu kuna rota yenye mifereji, na kila mfereji una bapa linaloteleza kutoka na kuingia. Rota ikizunguka, mabapa yanarushwa nje yanabana ukuta wa nyumba yake, na hapo ndipo hewa inavutwa. Yanatelezeshwa na oili ya injini inayokuja kwa bomba dogo kutoka kwenye bloku, kisha inarudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa mpira mnene. Oili ikikosekana mabapa yanakwama mferejini, halafu yanachomoka na kupiga ukuta. Ukiongeza mafuta, kasi inayashikilia nje na kugonga kunakoma, unabaki mluzi. Asubuhi husikii kwa sababu ile oili kidogo iliyobaki ndani ni nzito bado. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inakimbia, na pampu inabaki kavu.

Na breki ipime leo, ni kazi ya muda mfupi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Iache mguu umeikanyaga, washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haipati vakyumu, au busta yenyewe imekufa. Fundi wako akiwa na geji ya vakyumu atumie hiyo, ila ajue kwamba huko juu kwenu inasoma pungufu kuliko huku pwani, hewa yenyewe ni nyepesi.

Ukithibitisha ni pampu, fungua bomba la oili nyuma yake kabla hujanunua kitu. Boliti yake ina tundu katikati. Tundu hilo likiziba, hata pampu mpya itakufa.

DizeliTu

Mzee shikamoo. Hilo la eksozi breki na pedali kwenda pamoja sikuwa nimeliunganisha. Mzigo, tupe majibu ya nozeli, nayasubiri.

Changamwe254

Hapa Mombasa nilipatwa na kisa kinachokaribia hicho, ila changu kilikuwa kinagonga asubuhi, kisha kinanyamaza kikipata moto. Fundi akakuta ule mpira mnene wa kurudisha oili umelainika na kujikunja. Oili ilikuwa inaingia pampu haipati pa kutokea, mabapa yanapiga oili iliyojaa. Kwa hivyo ndugu, ukifungua angalia mipira yote miwili, wa kuingia na wa kutoka. Mwingine akikwambia "mpira bado mzuri" mwambie aufinye kwa vidole.

MzigoMakambako

Shikamoo Babu. Shikamooni wote mlio wakubwa.

Geji ya oili kwanza, kwa DizeliTu: tuliipasha injini mpaka ikaanza ko-ko, presha imesimama, haikuanguka kwa namna ya kutisha. Fundi wangu mwenyewe alikuwa ameishika, akanyamaza akaitazama.

Pedali: nikaikanyaga mpaka ikawa ngumu, nikawasha. Haikushuka hata kidogo. Nilikaa pale kwenye kiti mguu umekanyaga pedali, nikawaza ile kona ya Kitonga ambapo malori yanakaa upande mmoja yametoa moshi wa breki. Nilikuwa nimeshapatana na mtu wa Mabibo. Nikampigia simu nikamwambia atafute gari jingine.

Nozeli: tumekata ya kwanza, injini ikatetemeka kabini nzima, ko-ko ikaendelea vilevile. Ya pili, ya tatu, ya nne, mlio haukusogea. Utingo wangu ndiye aliyekuwa na bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye bloku, akawa anahama nayo. Kwenye sampu kimya, kwenye kava ya tapeti kelele za kawaida. Alipogusa mgongo wa alteneta alitoa sikio haraka.

Mikanda tukaitoa. Injini ikawaka kimya! Yaani kimya cha dizeli, lakini wangu ule ninaoujua. Fundi akasema zima, rudisha mikanda, tukarudisha, ipate moto, ko-ko hiyo hapo. Tukatoa tena, kimya. Hapo hakuna aliyebaki na swali.

Sasa bomba la oili. Boliti ya nyuma ya pampu ilipotoka, tundu lake lilikuwa limezibwa na silikoni, ile ya bluu ya kubandikia kava. Aliyefunga hakutumia washa za shaba, alipaka silikoni pande zote mbili ili isivuje, na ilipokazwa ikajisukuma yote ndani. Lilibaki tundu ambalo waya wa spoki unapita kwa kulazimisha. Boliti haikuvuja hata tone, na ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka. Pampu tulipoifungua tumekuta ukuta wake una mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha, na bapa moja limemeguka pembeni. Kipande chake humo ndani hakipo.

Dada, pampu peke yake inapatikana au ninunue alteneta nzima? Alteneta inachaji vizuri.

DadaSpea_Kariakoo

Inapatikana peke yake kaka, usinunue alteneta nzima. Nitumie picha ya mgongo wa alteneta na ya kibao chenye namba, pampu zinafanana kwa sura lakini meno ya shafti yanatofautiana na matundu ya boliti pia. Hesabu meno uniandikie. Mwambie fundi ayapime kwa kidole: kama meno ya shafti yamelika yakawa membamba, pampu mpya itacheza juu yake na utausikia mlio mwingine. Nitakuwekea washa za shaba za boliti, oringi ya kati na futi mbili za mpira wa oili. Mpira uwe wa oili na joto, si ule wa maji wa kumwagilia bustani, nao huwa wanaufunga.

BabuInjini_Tanga

Vizuri sana mwanangu, na huyo utingo umlee, ana sikio.

Kile kipande cha bapa kisichoonekana ndicho kinachonifanya niandike tena. Oili ya pampu inarudi kwenye sampu, kwa hiyo kipande nacho kimerudi huko. Shusha sampu peke yake, injini ibaki ilipo. Safisha chujio la mnyonyo la pampu ya oili, angalia kila kitu kilicholala chini. Ukiwa hapo chini, shika kila konrodi kwa mkono, isukume juu na chini. Kucheza pembeni kidogo kwa mlalo wa krenki ni sawa, kupanda na kushuka hakutakiwi. Hapo utaijibu ile hofu ya fundi wako kwa macho na mikono, na gharama yake ni gasketi ya sampu.

Mwaga oili hata kama ni mpya. Na ukifunga pampu, mimina oili safi kidogo kwenye tundu lake kabla ya kuunganisha bomba, uizungushe puli kwa mkono. Pampu kavu haitakiwi kuwashwa.

MzigoMakambako

Nimerudi na taarifa.

Sampu imeshuka. Kwenye chujio tumekuta vipande viwili vyeusi, tukavipanga na bapa lililovunjika vikakaa. Chini ya sampu hakuna vumbi la kung'aa, kitambaa kimetoka na weusi wa kawaida. Konrodi zote nne nimezishika kwa mkono wangu, fundi akazishika, hakuna inayopanda wala kushuka. Meno ya shafti yako vizuri. Pampu imefungwa na washa za shaba, mpira mpya wa kuingia, mpira mpya wa kutoka, oili tumeitia kwanza kama Babu alivyoelekeza.

Tumeipasha injini mpaka feni ikaanza kusukuma joto hadi getini. Sailensi: kimya. Pedali nimeipima vilevile, nimewasha, imeshuka chini ya mguu. Eksozi breki nimeijaribu kwenye mteremko wa hapa mjini bila mzigo, imeshika.

Fundi wangu nimemlipa siku zake zote, maana kazi ameifanya, na geji ya mkono amenunua ya kwake.

Babu, swali langu moja limebaki. Breki zimekaa muda zikifanya kazi bila msaada, na mimi nilikuwa nazikanyaga kwa nguvu. Nifungue magurudumu yote nikague viatu na ngoma, au naanza na ya mbele?

BabuInjini_Tanga

Fungua yote manne. Kwenye kila gurudumu inua mpira wa vumbi wa silinda ya breki uangalie kama kuna unyevu, na ngoma itazame kama ina nyufa za joto. Na mpira wa vakyumu unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye tangi hadi busta, ufuate wote kwa mkono mpaka mwisho, pamoja na vali yake ya kuzuia hewa kurudi. Zima injini, subiri kidogo, kanyaga: mkanyago wa kwanza na wa pili inatakiwa bado iwe laini. Ikiwa migumu, kuna hewa inaingia.

MzigoMakambako

Nimeelewa. Kesho tunapandisha magurudumu. Wiki hii napakia kabichi za Iringa tu.